Tulimwacha Wapi, Papa Lukas?

Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili mwaka huu alikufa Papa Lukas, na pamoja naye ikapotea sauti ambayo watu wa umri wangu hapa Kalemie tuliisikia kila Jumapili jioni ikitusomea picha. Alikuwa mzee, alikuwa amelala kitandani muda mrefu, na sitasema kwamba kifo chake kilinishtua. Kilichonishtua ni kwamba sikuweza kuikumbuka sauti yenyewe. Nilikaa kwenye matanga, uani kwa binti yake Georgette, kwenye benchi lililoazimwa parokiani, nikajaribu kuisikia kichwani, nikapata maneno tu. Mbele yangu, kwenye mkeka, bega kwa bega na Georgette, alikaa Feza. Alikuwa amekuja kwa boti kutoka kijiji chake cha mwambao wa kusini, njia ya Moba, na hatukuwa tumeonana tangu kabla ya vita. Nilimtambua kwa namna ya kukaa, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Alinitazama kwa muda, akasema polepole, “Tulimwacha wapi?” Nami nikajibu kabla sijafikiri, “Mulangoni.” Vijana waliokuwa wakigawa chai wakatazamana. Walidhani ni wazee wawili wameanza kuchanganyikiwa. Lakini yale ni maneno ya mwaka mmoja, na mwaka huo ndio ninaotaka kuuandika hapa kama ulivyokuwa.

Ilikuwa bado Zaire, katikati ya miaka ya themanini. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa tatu wa sekondari, na nilikuwa nimepata kazi kwenye dispanseri ya misioni kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na niliweza kuchora kidogo. Kazi yangu ilikuwa kukata stensili, ile karatasi ya nta unayoikwaruza kwa kalamu ya chuma, kisha unaifunga kwenye mashine, unazungusha mkono, na karatasi zinatoka zikinuka wino. Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja. Upande wa kushoto kulikuwa na dispanseri, upande wa kulia ukumbi wa parokia, na ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya ukumbini tulimjibu. Nyuma walianika ndagala, dagaa wa ziwani. Hadi leo nikisikia harufu ya ndagala zinazokauka najiona nimeinama juu ya stensili, vidole vyeusi, nikiogopa kukosea kwa sababu stensili haifutiki vizuri.

Ukumbini ndiko alikokuwa Papa Lukas. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine, la mababu, kama sheria ya wakati ule ilivyotaka, lakini parokiani wote walimwita Lukas. Alitunza mashine ya sinema, na kwa kuwa filamu zote zilisema Kifaransa, ndiye pia aliyesimama kando ya shuka jeupe akitueleza kwa Kiswahili. Mashine ilikuwa moja tu. Filamu moja ilikuja katika bobini kadhaa, magurudumu yaliyozungushiwa utepe wake, na kila bobini ilipokwisha ilibidi taa ziwashwe, aende kubadilisha, na watu walipiga kelele, walikojolesha watoto, waliuziana karanga. Bobini mpya ikiwa tayari, hakuiwasha mara moja. Alirudi mbele na kuuliza ukumbi mzima juu ya mtu wa filamu, “Tulimwacha wapi?” Watu walijibu kwa sauti moja, “Mulangoni!” “Na mukononi alikuwa na nini?” “Kofia!” “Na moyoni?” Hapo kila mtu alijibu lake, wengine matusi, na mama mmoja wa kuuza karanga alipenda kusema, “Moyoni yuko na bibi ya muntu!” yaani mke wa mtu mwingine. Ndipo taa zilipozimwa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na hatukujua kwamba mahali pengine watu wanaangalia filamu bila kuulizwa.

Katika kiangazi cha mwaka huo mwuguzi wetu, Papa Musafiri, alitengeneza kitabu. Kolera, yaani kipindupindu, ilikuwa imeshaingia mwambaoni miaka ya nyuma, na alijua itarudi na mvua. Vijijini hakukuwa na mwuguzi, ila wamama wachache waliojua kusoma, na aliwachagua hao. Musafiri alikuwa mtu mwenye elimu na subira, na kitabu chake kilikuwa cha akili sana. Hakikusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa kwanza uliuliza swali juu ya mtoto mgonjwa. Kama jibu ni ndiyo, unakwenda karatasi ya saba, kama ni hapana, unakwenda ya nne, na huko unaulizwa tena, unarushwa tena, hadi unafika kwenye dawa inayomfaa mtoto yule na si mwingine. Magonjwa yote yalikuwa humo, homa, kikohozi, surua, kuhara, na njia zilikatizana kama njia za mbuzi mlimani. Mimi niliziandika namba zote kwa mkono wangu na nilikiona kitabu kile kuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Wamama walifundishwa, wakaimba, wakapewa kila mmoja nakala yake iliyoshonwa kwa uzi wa nyavu, wakapanda mitumbwi wakaenda. Feza alikuwa mmoja wao. Alikuwa mdogo kuliko wote, hajazaa bado, na katekista wa kijiji chao alikuwa amemsifu kwamba anajua katekisimu yote bila kutazama.

Mvua za kwanza zikaja, na baada yake Feza. Tulikuwa tunakula, Musafiri na mimi, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, juu ya meza ile ile ya stensili. Aliingia bila kubisha, akaweka kitabu kati ya sahani. Musafiri akamwambia, “Karibu, mwanangu, nawa mikono.” Hakunawa. Akasema, “Nilisoma yote, Papa. Sikuruka hata karatasi moja.” Alisema kama mtu anayetoa ripoti nzuri, na nadhani alikuwa amejifunza maneno yale njiani. Musafiri akaacha kutafuna. “Yote? Kwa nini yote? Imeandikwa, macho yameingia ndani, nenda ya saba.” “Niliiona. Lakini ya pili mpaka ya sita ningeziacha je? Ni kitabu ya misioni. Mu Njia ya Musalaba, muntu anarukaka kituo?” Akakisogeza kitabu mbele ya Musafiri. “Mutoto wa yaya yangu alikauka nikiwa kwenye homa,” akasema, yaani mtoto wa dada yake mkubwa. “Kwenye surua alikuwa ameshakwenda.” Kisha akamwambia Musafiri kwamba ameleta kitabu kwa sababu ni mali ya dispanseri, na kwamba yeye hatakishika tena, atafutwe mwingine. Kijijini kwao hakukuwa na mwingine. Musafiri alijua hivyo, mimi nilijua hivyo, na mvua kubwa zilikuwa bado mbele.

Nimefikiri sana juu ya kosa lile, na siwezi kuliita ujinga. Mtu aliyejifunzia kusoma kwenye katekisimu, ambamo kila swali lina jibu lake na kila kituo kina sala yake, na akiruka anapigwa vidole, mtu huyo anawezaje ghafla kujua kwamba kuna kitabu ambamo kuruka ndio utii? Mwaka jana mjukuu wangu alinipa simu yake nisome habari. Humo kuna maneno ya rangi ya buluu, ukiyagusa unatupwa kwenye ukurasa mwingine, na huko kuna mengine. Niligusa, nikagusa, mwisho nilikuwa nasoma juu ya viatu, na sikujua nilianzia wapi wala jinsi ya kurudi. Mjukuu akacheka, “Bibi, umepotea mu simu!” Kweli nilikuwa nimepotea. Nilimfikiria Feza akiwa amekaa sakafuni na mtoto mbele yake, na nikamrudishia simu.

Papa Lukas alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukutani. Aliingia na kipande cha filamu shingoni kama utepe wa fundi cherehani, kwa maana alikuwa akigundisha mahali palipokatika. Alivuta kiti akakaa karibu na Feza, si karibu na Musafiri. “Mwanangu, wewe unakujaka mu sinema?” Feza akasema amekuja siku za mafunzo. “Uliona ule bwana alitoka nyumbani, mara moja iko mu treni?” “Niliona.” “Nani alimuona akitembea mpaka gare, kituo ya treni? Nani alimuona akipanda?” Feza akatikisa kichwa. “Niliruka barabara yote na kituo yote. Mbona haukulia, Papa Lukas umeruka?” Feza alifikiri kwa bidii, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo, akakumbuka sanduku la safari la bwana yule, akasema, “Alikuwa amekamata valisi. Halafu mu treni, valisi iko kwenye magoti.” Papa Lukas akageuka kumtazama Musafiri. Musafiri akasema, “Basi, Lukas, tengeneza wewe, nikuone.” Alisema kwa uchungu, lakini alikisogeza kitabu upande wake.

Mwezi wa kwanza mvua hupumzika kidogo, na katika mapumziko hayo tulikiandika upya, watatu, katika chumba kile. Papa Lukas alifundisha kama anavyogundisha filamu, kipande kwa kipande. Alisema kila mruko ubebe kitu. Kwa hiyo kama ukurasa unamtuma mama kwenye maji ya chumvi na sukari, nichore kikombe pembeni chini, na ukurasa anaofikia uanze na kikombe kile kile juu, ili jicho lijue limefika. Alisema kila ukurasa uanze kwa kuuliza tulimwacha wapi, na jibu liandikwe hapo hapo: tulimwacha anahara, macho yameingia ndani, hajakojoa. Alisema mtoto alale upande mmoja siku zote, kichwa kushoto, kwa sababu mtu wa sinema akitembea kwenda kulia kisha ukimwonyesha anakwenda kushoto, ukumbi mzima unapiga kelele kwamba amerudi nyumbani. Sikumsadiki. Nilichora ukurasa mmoja kichwa kikiwa kulia, kwa sababu nafasi ilinitosha zaidi. Feza, ambaye alikuwa bado kwa shangazi yake mjini, aliitwa ajaribu, akafungua pale akauliza, “Na huyu ni mutoto ya nani tena?” Nilikata stensili nyingine. Musafiri alitaka kila picha ionyeshe mwili mzima, Lukas akataka macho yajae ukurasa, akisema ukitaka watu waone machozi, sogea karibu. Musafiri alikubali hilo, kisha akaongeza picha ya ngozi ya tumbo inayovutwa na haishuki, ambayo Lukas asingeijua kamwe.

Hawakukubaliana katika kila kitu. Kuna mahali Papa Lukas alikosea vibaya. Alikuwa ameificha karatasi ya mtumbwi, ile inayosema mtoto huyu hawezi kupona kijijini, mlete haraka, akaiweka mwisho wa njia ndefu, ili mtu aifikie akiwa na moyo juu. “Sinema haionyeshi mwisho mapema,” akasema. Musafiri akaweka kalamu chini. “Lukas, watu wako wamelipa kukaa mu kiti. Huyu mama hana kiti. Mugonjwa hangojee mwisho wa filamu yako.” Papa Lukas akasugua kidevu, kisha akaichukua karatasi ya mtumbwi mwenyewe na kuiweka ya pili, mara tu baada ya macho. “Kweli,” akasema. “Hii sinema, muntu lazima ajue mwisho kabla.” Musafiri naye aliyaondoa magonjwa mengine yote. Iwe kolera tu, akasema, milango michache, yaani njia chache za kuruka. Ilimuuma. Alikuwa ameyasomea magonjwa yale yote.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ukurasa ambao haukuwepo. Feza ndiye aliyeuliza. Alikuwa amefuata njia zote kwa kidole, kikombe, chungu cha kuchemshia maji, mtumbwi, akafika kila mwisho, akauliza, “Na mutoto aliyekufa, karatasi yake iko wapi?” Katika kitabu cha kwanza njia yake ilikuwa imefika pale, na hapakuwa na kitu. Musafiri akasema hataandika kifo. Mama akiona karatasi ya kifo kitabuni ataifungua hiyo kwanza, na mikono yake italegea. Haikuwa hoja mbaya, na hata leo sina jibu lake kamili. Papa Lukas akasema filamu isiyoonyesha kaburi, watu hawatoki ukumbini, wanabaki wanangoja, na yeye amewaona, amezima mashine na bado wamekaa. “Huyu mutoto yuko mbele yetu,” akasema akimwelekezea Feza kidole. “Kitabu ilikwisha, yeye bado amekaa.” Feza akaanza kulia, kwa mara ya kwanza mbele yetu, bila sauti, akiwa bado ameweka kidole juu ya mtumbwi. Siku iliyofuata Musafiri alileta maneno ya ukurasa huo, ameyaandika nyumbani. Usimwoshe ziwani. Choma nguo au zichemshe. Nawa mikono kwa sabuni. Zika mapema. Papa Lukas akaongeza chini kabisa: Kaa na mama. Ulikuwa ukurasa pekee usio na mlango wa kutokea. Nilipomaliza kuukata, Feza alikikunja kitabu kwenye kitenge, akasema atakwenda nacho. Hakusema zaidi.

Alirudi karibu na Pasaka. Tulikuwa tumesikia kwamba mwambao wa kusini umeumia, kwa hiyo kila boti iliyofika tulitazama dirishani. Aliingia amekonda, akanawa mikono mwenyewe, akakaa. Papa Lukas hakuuliza habari. Aliuliza, “Tulimwacha wapi?” Na Feza akasimulia. Nyumba moja, watoto wawili, ndugu. “Mukubwa aliingia mulango wa kikombe. Alikunywa, akatapika, akakunywa. Sasa anaiba maembe ya watu.” Musafiri akacheka kwa nguvu, peke yake. “Mudogo, macho yaliniambia mutumbwi. Sikusoma ingine. Tulimupakia, mimi na mama yake na bwana wa kupiga kasia. Tulipofika kwenye mawe, upepo ukatugeuza. Alikufa pale.” Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anafagia ukumbi, na ufagio ulisikika.

“Nikafungua karatasi ya mwisho,” akasema. “Mama yake alikuwa ameshaweka mukono mu ziwa, achukue maji amupanguse mutoto uso. Nikamusomea ya kwanza. Usimwoshe ziwani. Alinitazama, Papa. Mutoto yuko kwenye magoti yake, na mimi hii ndiyo neno ya kwanza ninamuambia.” Musafiri akasema kwa upole kwamba neno lile ni la kweli, kwamba kijiji kizima kinakunywa maji yale. “Ninajua,” Feza akasema. “Sikatai. Lakini Kaa na mama mumeiweka chini. Iwe juu. Maji yangojee kidogo.” Nilimtazama Musafiri, kwa sababu stensili ile ilikuwa yake na sikutaka kukata bila yeye. Alikuwa amefunika macho kwa mkono. “Iweke juu,” akaniambia. Niliikata mchana ule ule, Kaa na mama kwa herufi kubwa, na yale mengine chini yake, na Feza alingoja hadi wino ukakauka, akaushona mwenyewe ukurasa mpya mahali pa ule wa zamani, akateremka ziwani.

Kitabu hicho sina hata nakala moja. Musafiri alihamishwa Manono, akafia huko. Ukumbi uliporwa wakati wa vita, mashine ya sinema ilibebwa na watu ambao sidhani walijua ni nini. Papa Lukas aliendelea kuishi kando ya reli, na nilipomtembelea miaka ya mwisho alizungumza juu ya bobini zilizopotea zaidi kuliko juu ya kitabu. Huenda hakukiona kuwa kitu kikubwa. Sikumuuliza. Kwenye matanga kasisi alisema maneno mazuri juu ya mashine na Jumapili za zamani, na juu ya kitabu hakusema kitu, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua.

Tulimzika asubuhi. Siku mbili baadaye watu walianza kuondoka kama ilivyo kawaida, benchi za parokia zikarudishwa, sufuria zikarudishwa, ua ukabaki na majivu ya kuni. Nilikwenda kuaga. Georgette alikuwa kwenye mkeka ule ule, amekaa tu, na Feza kando yake. Nilidhani Feza amechelewa, kwa sababu boti za kusini hazisubiri mtu. Nikamuuliza, “Yaya, boti yako inaondoka saa ngapi?”

“Iliondoka asubuhi,” akasema, na akasogea kidogo kunipa nafasi.